Maswali na Majibu: Mbio Ndefu Bila Majeraha Katika Milima ya Mwanza

Nilianza kukimbia miezi miwili iliyopita na kikundi chetu cha jogingi hapa Nyegezi. Pumzi sasa imekaa sawa, lakini miguu ndiyo inayolalamika. Inakuwaje?

Hali hiyo ndiyo chanzo cha majeraha mengi ya wakimbiaji wapya. Moyo na mapafu huitikia mazoezi mapema: ndani ya wiki chache, mtu aliyekuwa akihema kwenye kilomita ya pili huweza kupiga soga na mwenzake hadi kilomita ya tano. Misuli hufuata. Kano zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huhitaji miezi mingi, kwa kuwa mfupa unaogongwagongwa na hatua huondoa kwanza sehemu zilizochakaa ndipo ujenge mpya, na katika kipindi hicho cha katikati huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Kwa hiyo mkimbiaji wa mwezi wa pili au wa tatu ana pumzi ya kumfikisha mbali, huku mifupa yake ikiwa bado kwenye matengenezo. Akiisikiliza pumzi peke yake, ataumia.

Niongeze umbali kwa kiasi gani kila wiki?

Wengi wamefundishwa wasizidishe asilimia 10. Kanuni hiyo inafaa kumzuia mwenye haraka, lakini mwili hauijui hesabu hiyo: anayekimbia kilomita 6 kwa wiki anaweza kuongeza 2 bila shida, ilhali wa kilomita 60 akiongeza 6 kila wiki kwa miezi miwili mfululizo atajikuta pabaya. Lililo muhimu zaidi ni kutoongeza umbali, kasi na milima kwa pamoja katika wiki moja, na kupunguza mazoezi kidogo kila baada ya wiki tatu au nne. Mbio nyingi ziwe za polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Aliyezoea kilomita 5 siku za kazi asishawishike kukimbia 18 siku ya Jumamosi kwa sababu tu wenzake wanajiandaa na kilomita 21 za Rock City Marathon.

Nakaa Isamilo, na kila njia ni mlima. Je, kupanda ndiko kunakoumiza magoti?

Kupanda huchosha, ila kushuka ndiko huumiza zaidi. Unapoteremka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku ukivutwa kurefuka, na kifuniko cha goti hukandamizwa kwa nguvu kubwa kila hatua. Ndiyo maana wakimbiaji wengi wa mji wetu huja na maumivu ya mbele ya goti, ambayo huzidi wakishuka ngazi au wakikaa kwa muda mrefu kwenye daladala magoti yakiwa yamekunjwa. Dawa yake ya kwanza ni kufupisha hatua na kuziongeza idadi. Anayeweza, apande mlima akikimbia na ashuke akitembea, na wala asione haya. Mbio ndefu za wiki zifanyike penye miinuko midogo, mfano barabara ya kwenda uwanja wa ndege kupitia Kirumba na Pasiansi, alfajiri kabla ya jua na magari, ukikimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja mbele yako. Mara mbili kwa wiki imarisha paja na nyonga kwa kuchuchumaa na kuinuka polepole, na kigimbi kwa kusimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi kisha kushusha visigino taratibu.

Muundi wa mguu unauma. Nitajuaje kama ni uchovu au mfupa umeingia ufa?

Weka kidole na upapase taratibu kandokando ya mfupa. Maumivu yaliyotapakaa urefu wa kiganja au zaidi, yanayouma mwanzoni mwa mbio na kupungua mwili ukipata joto, mara nyingi ni msongo wa eneo ambako misuli hushikana na mfupa. Punguza umbali, hamia kwenye udongo laini, nayo huelekea kutulia. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia, yanayokufanya uchechemee au yanayokuamsha usiku, yachukuliwe kuwa ufa wa mfupa hadi daktari athibitishe vinginevyo. Acha kukimbia siku hiyohiyo. Picha ya eksirei katika wiki za mwanzo huweza kuonekana safi kabisa ilhali ufa upo, kwa hiyo usirudi barabarani kwa sababu ya picha moja. Ufa wa muundi kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 au zaidi bila kukimbia.

Hapa kuna kasumba ninayopenda kuipinga: kulazimisha kukimbia huku unaumia. Tunamheshimu Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akafika mwisho. Ile ilikuwa Olimpiki. Mazoezi ya Jumanne asubuhi hayadai ushujaa huo.

Nimeze diklofenaki kabla ya mbio ili nisisikie maumivu?

Hapana. Dawa hiyo, kama ilivyo ibuprofeni, huficha dalili unayoihitaji, na kwa mtu anayetoka jasho jingi juani huweza kudhuru figo.

Baada ya mazoezi tunatumbukiza miguu ziwani ili ipoe. Ina faida?

Maji baridi hutuliza maumivu kwa muda, lakini maji ya kina kifupi ufukweni, hasa penye majani na konokono, yana vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Tumia beseni la maji ya bomba nyumbani. Aliyekuwa akiingia ziwani mara kwa mara apimwe kwenye kituo cha afya. Tiba ipo, nayo ni vidonge vya prazikwanteli.

Chakula kina uhusiano wowote na majeraha?

Mkubwa. Anayekimbia sana na kula kidogo hunyima mifupa malighafi. Dagaa wa ziwani, wanaoliwa wazima na mifupa yao, hutupatia kalsiamu kwa bei nafuu, lakini ugali na maharage ya kutosha navyo ni sehemu ya kinga. Mwanamke mkimbiaji ambaye hedhi yake imekatika bila mimba asifurahie jambo hilo. Mara nyingi mwili unaeleza kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake iko hatarini. Amwone daktari.

Nikipona, nianzie wapi?

Anza pale unapoweza kutembea kwa kasi dakika 30, siku kadhaa mfululizo, bila maumivu wala kuchechemea. Kisha changanya: dakika 1 ya kukimbia, 2 za kutembea, mara nane au kumi, siku moja mazoezi siku moja mapumziko, kwenye tambarare. Maumivu madogo yanayoisha kufikia asubuhi inayofuata yanavumilika. Yakiwa bado yapo asubuhi hiyo, rudi hatua moja nyuma, na milima ya Isamilo iwe ya mwisho kurudishwa.