Je, Wajua Vibao vya Kichina Kwenye Filamu Husomwaje?

Filamu inaonyesha Shanghai ya miaka ya 1930. Juu ya mlango wa benki pameandikwa 行銀國中. Ukielekeza simu, programu ya kutafsiri yaweza kukutajia shule ya sekondari, kwa kuwa 國中 huko Taiwan ni sekondari ya chini. Simu imeanzia kushoto, na kibao cha enzi hizo huanzia kulia: 中國銀行, Benki ya China. Maandishi ya wima nayo husomwa juu kwenda chini, ukianza na safu ya kulia kabisa.

Simamisha filamu pale kamera ilipotulia, piga picha ya skrini, kisha hakikisha picha haijageuzwa kushoto kuwa kulia. Tazama bendera ya kilabu cha pombe yenye herufi 酒: matone matatu ya maji hukaa kushoto. Yakiwa kulia, ama picha imegeuzwa, ama unaiona bendera kwa nyuma (upepo hufanya hivyo, usiwalaumu mafundi).

Herufi ikiwa na ukungu, simu hukisia tu. Afadhali uichore kwa kidole kwenye kamusi ya simu, mistari ya juu kabla ya ya chini, ya kushoto kabla ya ya kulia. Kamusi nyingine hushindwa ukivuruga mpangilio huo. Ukiona sehemu moja tu, tafuta kwa shina la herufi, yaani ile sehemu yake inayotumika kuipanga kwenye kamusi. Kamusi ya Kangxi ya 1716 iliyapanga mashina 214, na mpangilio huo ungali unatumika.

Umbo la herufi hutaja na wakati. China Bara ilitangaza herufi zilizorahisishwa mwaka 1956: 門 ikawa 门, 東 ikawa 东. Kibao cha kuchonga chenye 东 katika Shanghai ile kinanuka karakana ya filamu. Kwenye barua ya mkono usiwe mwepesi kuhukumu, maana waandishi walikuwa na vifupisho vyao karne nyingi kabla.

Vyombo vya kauri vina mtego wake. 大清乾隆年製 chini ya bakuli humaanisha limetengenezwa enzi ya Qianlong, mfalme wa nasaba ya Qing, 1736 hadi 1795. Katika filamu ya enzi ya Ming, nasaba iliyotangulia Qing na kuanguka 1644, hilo ni kosa. Kinyume chake, jina la Ming katika filamu ya enzi ya Qing, si kosa: wafinyanzi wa Qing waliandika mara nyingi majina ya wafalme wa Ming kwenye kazi zao mpya.