Umepungua au Hujapungua? Dhana Potofu Kuhusu Mizani, Tepe na Jasho

Ukipita Maisara au Mnazi Mmoja alfajiri, au ukiwa Pemba ukapita Gombani, utakuta vikundi vya mazoezi vimeshaanza. Kila Januari 1, Siku ya Mazoezi, barabara za mjini Unguja hujaa wanaotembea na kukimbia pamoja. Watu wa kuanza hawakosekani. Tabu iko kwenye kudumu, na wengi wanaoacha hawaachi kwa sababu mwili umegoma. Huacha kwa sababu wamejipima vibaya, wakapata namba isiyo na maana, wakaiamini.

Dhana: "Jana nilikuwa kilo 84, leo 85. Nimenenepa tena."

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Ili uiongeze kwa usiku mmoja, ungelazimika kula kiasi hicho juu ya mahitaji yako yote ya siku, na hata mlaji hodari wa biriani ya walima hafiki huko. Kilichoongezeka ni maji pamoja na chakula ambacho bado kimo tumboni.

Maji hayo yana sababu zake. Chakula cha chumvi nyingi huufanya mwili uyashike. Wanga wa wali, muhogo na mkate huwekwa akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na karibu gramu 3 za maji. Ndiyo maana anayeacha wali ghafla hupungua kilo moja au mbili wiki ya kwanza akadhani amepata dawa, na siku anayourudia zinarudi. Misuli iliyoshtuliwa na mazoezi mapya nayo huvimba na kushika maji, hivyo si ajabu mizani kupanda katika siku zile za mwanzo ambazo mwili wote unauma. Wanawake wengi huongezeka kilo moja, wengine zaidi kidogo, siku za kuelekea hedhi. Kwao kulinganisha kwa haki ni wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita.

Jipime hivi: asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kunywa hata chai, ukiwa na nguo nyepesi ileile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Ikiwekwa juu ya zulia au mkeka inaweza kutoa namba isiyo sahihi. Tumia mizani moja tu. Ya nyumbani na ya duka la dawa zinaweza kupishana kilo nzima, na hilo halina ubaya mradi usizichanganye. Andika namba ya kila siku kwenye daftari, kisha mwisho wa wiki jumlisha zote saba ugawe kwa 7. Wastani huo ndio wa kuutazama.

Chukua mfano wa mtu aliyeanza kuandika Jumamosi: 84.6, 84.1, 85.3, 84.9, 84.2, 83.9, 84.0. Ile 85.3 ni Jumatatu, baada ya walima wa Jumapili. Wastani wake ni 84.4. Wiki ya pili akaandika 84.3, 83.7, 84.4, 84.8, 83.6, 83.5, 83.7, wastani 84.0. Amepungua gramu 400, mwendo mzuri kabisa. Lakini kama angepima siku mbili tu, ile Jumamosi ya kwanza (84.6) na Jumanne ya wiki ya pili (84.8), angesema ameongezeka, na pengine angeacha. Subiri wastani wa wiki tatu au nne ukae palepale ndipo useme umekwama.

Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Na huhitaji kufika uzito wa ndoto zako ili upate faida: mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu, yaani asilimia 5, presha na sukari huwa zimeshaanza kumshukuru.

Dhana: "Ukitoka jasho jingi, mafuta yanayeyuka."

Hii tunaiomba iachwe kabisa, kwa sababu inadhuru. Watu huvaa jaketi la mvua au hujifunga plastiki tumboni, wakakimbia saa kumi jioni katikati ya kaskazi, kisha wakapanda mizani na kufurahia kilo iliyoondoka. Lita moja ya jasho ina uzito wa takriban kilo moja. Ukinywa maji, kilo hiyo imerudi, na inapasa irudi.

Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo hukauka kwa shida hata bila plastiki. Ukiongeza plastiki, joto linabaki ndani na kupanda. Mtu akianza kizunguzungu, kichefuchefu au maneno yasiyoeleweka, mwondoe juani, mvue hizo nguo, mmwagie maji na kumpepea, na mpelekeni hospitali upesi.

Kupima uzito kabla na baada ya mazoezi kuna faida moja ya kweli: kujua maji uliyopoteza. Ukipungua gramu 700, unadaiwa maji ya karibu lita 0.7. Yanywe taratibu.

Dhana: "Kama mizani haikushuka, hakuna kilichobadilika."

Mtu anayeanza kunyanyua vitu vizito au kupiga pushapu huweza kupoteza mafuta na kuongeza misuli kidogo kwa pamoja, mizani ikabaki palepale huku kiuno kinapungua. Husemwa pia kwamba "misuli ina uzito kuliko mafuta". Kilo ni kilo. Tofauti ni kuwa misuli imeshikana zaidi, hivyo kilo yake huchukua nafasi ndogo kuliko kilo ya mafuta. Ila usijifichie hapo. Misuli hujengeka polepole mno, na mtu aliyeongezeka kilo 4 kwa mwezi asiseme ni misuli.

Mwamuzi hapa ni tepe, ile ya fundi cherehani inatosha. Kwanza ilaze kando ya rula ya skuli uone kama sentimita 30 za tepe ni sawa na 30 za rula, kwa kuwa tepe ya zamani hurefuka na kukudanganya. Hakikisha pia unasoma upande wa sentimita, si wa inchi. Kisha tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini kabisa, na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pa kupima, na si pale unapofunga mkanda, kwa sababu mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na huweza kuvaa saizi ileile miaka kumi huku tumbo likikua. Simama, pumua kawaida, na usome mwisho wa kutoa pumzi bila kulivuta tumbo ndani. Tepe iguse ngozi bila kuibana, na iwe sawa mbele na nyuma. Mtu akuangalizie mgongoni au tumia kioo. Pima mara mbili. Namba zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia. Mara moja kila wiki mbili inatosha.

Kipimo kinachotumika kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara ni kuwa hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda kiuno kikifika sm 94 kwa mwanamme na sm 80 kwa mwanamke. Njia nyepesi zaidi ni kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sm 164 abaki chini ya 82.

Kuhusu nguo: kanzu, dira na buibui hazina cha kukuambia, zimeshonwa ziwe pana. Chagua nguo moja ya kubana, suruali au gauni la mshono, iweke kabatini na uijaribu kila baada ya wiki nne. Kwa wasiopenda kuwa na picha zao za mwili kwenye simu, na wana haki hiyo, nguo hiyo inafanya kazi yote ya picha.

Dhana: "Nipige situpu mpaka kitambi kiishe."

Situpu huimarisha misuli iliyo chini ya mafuta. Hazichagui mafuta ya kuondoa, kwani mwili huchukua akiba yake kutoka kila mahali kwa mpango wake wenyewe. Usipime mafanikio ya tumbo kwa idadi ya situpu.

Dhana: "Saa imesema nimechoma kalori 600, kwa hiyo naweza kula."

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwa mapigo ya moyo, sita kati yake vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Saa itumie kwa muda na mapigo, kalori zake ziache.

Hatua 10,000 nazo si sheria ya kitabibu. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965. Anayetembea hatua 3,000 akifika 6,000 amepiga hatua kubwa kiafya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Wastani maana yake unaweza kuzungumza ukitembea, lakini kuimba huwezi.

Na kama unataka kujua pumzi yako inaongezeka, chagua njia moja, iwe ni kuzunguka Maisara au barabara ya mtaani kwako, na uipime kwa saa mara moja kwa mwezi. Njia iwe ileile, na wakati uwe uleule, mathalan mara baada ya sala ya alfajiri. Mchanga mkavu wa pwani humaliza nguvu kuliko ule mgumu unaobaki maji yakipwa, na joto la Januari huupeleka moyo mbio kuliko upepo wa kusi wa Julai, kwa mwendo uleule. Usijilaumu kwa hali ya hewa. Pamoja na hilo, hesabu mapigo yako asubuhi kabla ya kuinuka kitandani: vidole viwili chini ya kidole gumba, sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kwa mtu mzima ni kati ya 60 na 100. Yakishuka kutoka 82 hadi 75 kwa miezi miwili, moyo wako unafanya kazi ileile kwa mapigo machache, hata kama mizani haijasema kitu.

Dhana: "Mimi sili sana, sijui kwa nini sipungui."

Mara nyingi anayesema hivyo hadanganyi, ila hana njia ya kujua. Sinia la watu wanne halina mipaka. Ukila hapo, huwezi kusema umekula wali kiasi gani. Kwa wiki mbili tu, pakua chako kwenye sahani au bakuli moja lisilobadilika, kisha ukae na wenzako kama kawaida. Ukiweza, mweleze mpishi mapema asije akadhani unakitia kasoro chakula chake.

Andika na vile visivyoonekana. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na tui zito la nazi nalo limejaa mafuta. Sukari vijiko vitatu vya chai kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori 145 hivi, karibu sawa na nusu saa ya kutembea kwa kasi.

Dhana: "Ramadhani lazima nipungue."

Wengine hupungua kidogo, wengine huongezeka kwa kaimati, sambusa, tambi za sukari na juisi. Tatizo la kipimo ni hili: ukijipima dakika chache kabla ya kufuturu, mwili umekauka, namba inakuwa ndogo kuliko hali halisi. Ukijipima asubuhi, daku bado imo tumboni. Chagua wakati mmoja na ulinganishe siku za Ramadhani kwa Ramadhani peke yake. Uamuzi wa kama umepungua utoe wiki mbili baada ya Idi, ukiwa umerudi kwenye kipimo chako cha asubuhi.

Dhana: "Kila kilo inayoondoka ni mafanikio."

Kwetu mtu akipungua huulizwa mara moja, "Mbona umekonda, una nini?" Swali hilo huwakatisha tamaa wanaofanya mazoezi kwa makusudi, na hao wajibu kwa upole na waendelee. Lakini kwa aliyepungua bila kujitahidi, swali hilo ni la maana. Asilimia 5 ya uzito kuondoka ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila mazoezi wala kubadilisha chakula ni sababu ya kwenda hospitali. Kukiwa na kiu na kukojoa mara kwa mara, kapime sukari. Kukiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni na jasho la usiku, kapime kifua kikuu. Chai za kupunguza uzito zinazoharisha nazo huondoa maji na madini tu, na mafuta hubaki.

Anayetumia sindano za insulini, au vidonge vya kisukari au presha, amwone daktari wake kabla ya kuanza, aende na daftari lake la uzito. Kadiri kilo zinavyoshuka dozi huweza kuhitaji kupunguzwa, na dozi ya zamani kwenye mwili mpya huweza kuangusha sukari au presha ghafla, hasa siku ya mazoezi. Daktari akubali kwanza, na mfukoni pawe na tende au pakiti ndogo ya glukosi kila unapotoka kukimbia.