Guangzhou: huku pa kutembea, kule ndo pa kununua

Kila ikifika mwezi wa nne na wa kumi, msimu wa Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, China, simu yangu haitulii. Maonyesho yenyewe yapo tangu 1957, na wabongo wanashuka na madaftari yao, ila siku hizi wanakuja pia watu wa kutembea tu, maharusi, familia na watoto, na wote swali lao ni moja: "Kaka, tukanunue wapi?" Nami nauliza kwanza, unanunua kimoja au mia? Maana hapo ndo watu wanapopigwa.

Chukua Beijing Lu (lu ni barabara tu). Kila mtalii analetwa hapo, na mimi nawaleta, ila sio kwa ajili ya viatu. 2002 walipochimba wakakuta barabara chini ya barabara, tabaka 11, za chini kabisa ni za enzi za wafalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu, sasa wamefunika na vioo, unasimama juu na ice cream yako unachungulia chini walikopita watu wa zamani. Hiyo ni bure. Maduka yake ni ya kawaida tu, bei imebandikwa, kubageni utajiaibisha.

Shangxiajiu mimi naipenda zaidi. Ipo upande wa Liwan, mji wa zamani, majumba yake ghorofa ya juu imetokeza juu ya njia ya miguu, inakaa kwenye nguzo, kwa hiyo mvua inyeshe jua liwake wewe unatembea kivulini dukani hadi dukani, na huko kuna mvua kwelikweli. Kula, piga picha, nunua zawadi ndogo ndogo. Pembeni kuna soko la jedi (yale mawe ya kijani ya mapambo) la Hualin, hapo sasa weka mikono mfukoni. Dada mmoja niliyemleta alinizunguka akanunua bangili kwa bei ya simu nzuri, kumpelekea fundi anayejua akaambiwa ni jiwe limepigwa rangi. Jedi kama huijui nunua ya kuchekea, ya hela ambayo ikipotea hulii.

Kununua bidhaa za jumla mtaa wa watalii ni sawa na mtu aje Dar akanunue khanga Slipway wakati Mtaa wa Uhuru upo. Nguo za jumla ni Baima karibu na stesheni ya treni, au Shisanhang ambako wanaanza alfajiri na ukifika saa nane mchana unakuta wanafunga mizigo. Mabegi ni Sanyuanli. Lakini huko ukisema nataka kimoja muuzaji anarudi kwenye simu yake hata hakuangalii, na kujaribisha nguo usahau. Wanauza kwa pakiti, bei mnaandikiana kwenye kalkuleta, lugha hakuna.

Ila kuna Yide Lu, hii inafaa wote. Unaenda kuona lile kanisa kubwa la mawe, lilimalizika 1888, ukitoka nje tu unapokelewa na harufu ya samaki wakavu utadhani upo Feri, mtaa mzima dagaa, kamba, vitu vya baharini hata sivijui majina, halafu jirani yake midoli na mapambo ya sherehe maghorofa kwa maghorofa. Watoto wako watakushukuru.

Na kodi jamani, watu wanaacha hela. Tangu Aprili 2025 mgeni akinunua kuanzia yuan 200 kwenye duka moja siku moja, duka likiwa na kile kibandiko cha kurudishiwa kodi, anadai 11% (wanakata kidogo ya huduma). Toa pasipoti hapohapo dukani wakujazie fomu. Na airport nenda forodha na mzigo wako KABLA ya kuchek-in, wanataka kuuona, begi likishapanda mkanda ndo basi tena.