Gigahezi nyingi si lazima kompyuta iwe na kasi zaidi

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba hapa Mtwara, swali la kwanza la mteja huwa: "Ina gigahezi ngapi?" Akikuta 3.8 na 2.4, anabeba ya 3.8. Imani hii ya tangu enzi za Pentium 4, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya Intel, inapotosha.

Gigahezi huhesabu mapigo ya prosesa kwa sekunde. Haisemi kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Wabangua korosho wanalijua hili: mmoja anagonga harakaharaka, mwenzake polepole, ila kila akigonga korosho inatoka nzima. Mwaka 2001 Apple ilishindanisha prosesa ya kompyuta zake, PowerPC G4 ya megahezi 867 (yaani gigahezi 0.867), na Pentium 4 ya gigahezi 1.7, ikadai ushindi. (Majaribio iliyachagua yenyewe, kwa hiyo nayo tuyapokee kwa tahadhari.) Jibu zito lilitoka kwa Intel: mwaka 2006 prosesa yake mpya, Core 2 Duo ya gigahezi 2.4, iliiacha mbali Pentium 4 ya 3.8.

Muulize muuzaji prosesa ni ya kizazi gani, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ni kiasi gani, na kama diski ni SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka). Kisha fungua palepale dukani programu unayoitumia kila siku.