Tamasha la filamu za hip hop ni nini?

Ni mkusanyiko wa siku chache ambapo filamu zinazohusu utamaduni wa hip hop, au zilizotengenezwa na watu waliokulia ndani yake, huonyeshwa ukumbini. Wengi hudhani ni maonyesho ya video za muziki. Video huwa na nafasi yake, lakini uzito uko kwenye filamu za hadithi na za makala, tena si lazima mtu achane mistari, yaani arapu, ndani yake: udijei, kudansi breki na grafiti (michoro ya kuta na treni) nazo ni nguzo za utamaduni huo.

Hip hop yenyewe kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe 11 Agosti 1973, siku DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake huko Bronx, New York. Kamera zilichelewa kidogo. Katika Wild Style ya Charlie Ahearn, iliyoingia sinema mwaka 1983, mhusika mkuu, mchora grafiti, anaigizwa na Lee Quiñones, ambaye kweli alikuwa akichora kwenye treni, na Grandmaster Flash anaonekana akichezea santuri zake jikoni. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha filamu ya hip hop: wenyewe wamo, hawakuigwa tu. Style Wars, makala kuhusu wachora treni, ilishinda tuzo kuu ya makala mwaka 1984 kwenye tamasha ambalo leo tunaliita Sundance.

Taratibu ni zilezile za matamasha mengine: mwongozaji anatuma kazi, jopo linachuja, na baada ya onyesho watazamaji wanauliza maswali. Kinachowatesa zaidi waongozaji wa hip hop ni haki za muziki. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenye haki ni watu tofauti. Biti, yaani mdundo wa wimbo, ikiwa imejengwa kwa vipande vya nyimbo za zamani, wenye vipande nao wanadai chao. Mtayarishaji asiye na fedha huomba kibali cha matamasha pekee, ambacho kwa kawaida ni nafuu kuliko kibali cha televisheni au intaneti. Ndiyo maana filamu inaweza kushangiliwa ukumbini, kisha ukaitafuta mtandaoni usiione.