Saba wa AJ-K

Nikiletewa jina la askari wa anga aliyepotelea baharini, jina huwa naliweka kando kwanza. Naanza na ndege.

Mfano ni Alastair Taylor, kijana wa Kiskoti, sajenti, miaka 20. Ukimtafuta peke yake utaambulia mstari mmoja: alifariki Mei 1943, na jina lake limechongwa Runnymede, Uingereza, kwenye ukumbusho wa askari wa anga zaidi ya 20,000 wasio na kaburi. Hapo wengi hufunga faili.

Ndege yake ilikuwa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, ya Kikosi cha 617, herufi zake AJ-K, rubani Vernon Byers wa Kanada. Usiku wa tarehe 16 Mei 1943 kikosi hicho kilirusha ndege 19 zenye watu 133 kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani. AJ-K iliruka saa tatu na nusu usiku kuelekea bwawa la Sorpe.

Lancaster ilikuwa na rubani mmoja tu, na Taylor, fundi wa ndege, alikaa ubavuni mwake kwenye kiti cha kukunja, macho kwenye geji za mafuta na injini nne. Kibanda cha bunduki cha mgongoni kilikuwa kimeng'olewa kupunguza uzito, kwa hiyo Charles Jarvie, miaka 21, akahamishiwa bunduki za puani. Chini yake alilala mlenga mabomu, Neville Whitaker. Ilibidi Jarvie afungiwe vikanyagio kama vya mpanda farasi, la sivyo miguu yake ingening'inia usoni kwa mwenzake. Ningeweza kusoma mengi kuhusu ujasiri wa usiku ule, lakini vile vikanyagio ndivyo vinavyonikalia akilini.

Waliruka chini mno, kama mita 30 juu ya maji, ili rada zisiwaone. Walitakiwa kupita kisiwa cha Vlieland, pwani ya Uholanzi; wakajikuta juu ya Texel, kisiwa jirani yake, kwenye mizinga ya Wajerumani. Saa tano kasoro dakika tatu wenzao wa ndege nyingine waliona Lancaster ikianguka baharini. Katika kimo kile parachuti ni mzigo tu. Hadi alfajiri ndege nane zilikuwa zimepotea na watu 53 wamekufa. AJ-K ndiyo iliyotangulia.

Ilianguka Waddenzee, bahari iliyo kati ya visiwa hivyo na bara, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana bahari ya namna hiyo: maji yakipwa mafungu ya mchanga yanatoka nje, yakijaa mikondo inapita kwa nguvu baina ya visiwa. Tarehe 22 Juni, zaidi ya mwezi baadaye, maji yalimtoa mmoja: James McDowell, Mkanada, mpiga bunduki wa mkiani. Alizikwa Harlingen, Uholanzi. Kwa nini yeye tu? Mimi nadhani ni kwa sababu alikaa peke yake mwisho kabisa wa ndege, mbali na wale sita waliokuwa mbele.

Wale sita wako Runnymede, lakini hata huko hawako pamoja. Ukuta umepangwa kwa mwaka, kisha jeshi, kisha cheo. Byers yuko upande wa Wakanada, maofisa wa Kiingereza kwao, masajenti kwao. Aliyepanga alikuwa na majina elfu ishirini ya kupanga, simlaumu. Ila anayemfuata Taylor ukutani hatapata hata fununu kwamba Byers alikuwa begani kwake.

Ndiyo maana nawaambia wanaoniandikia: chukueni tarehe na namba ya kikosi, mtafute wote waliokufa siku ile, makaburini na ukutani. Wafanyakazi wa ndege moja watajitokeza wenyewe.

Kwenye daftari langu nimewapanga walivyokaa, kuanzia puani: Jarvie, Whitaker chini yake, Byers, Taylor, Warner na ramani zake, Wilkinson wa redio, na huko nyuma kabisa, McDowell.