Ukuta wa Mawe Haupigwi Sementi: Kwa Wanaonunua Nyumba za Kale za Shamba Uingereza

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana. Mtu kanunua nyumba ya kale ya shamba, ya mawe, huko Cotswolds au Yorkshire. Baridi ya kwanza kuta zimelowa, kaita fundi, fundi kaziba viungo kwa sementi. Mwaka wa pili unyevu umezidi na halmashauri imeandika barua.

Ukuta ule una nyuso mbili za mawe, katikati kifusi, na mawe marefu yanayozifunga pamoja. Unene mara nyingi ni sentimeta 50 au zaidi. Mvua huingia kidogo, kisha hutoka kupitia chokaa ya kwenye viungo na kukauka. Ukiweka sementi, maji hubaki ndani ya jiwe. Yakiganda, uso wa jiwe hubanduka. Nimeona ukuta ambao sementi imebaki imechomoza kama wavu, mawe yamelika nyuma yake. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hawahitaji kuambiwa haya.

Sasa kibali cha kubadilisha jengo linalolindwa. Nyumba za kabla ya 1700 zilizobaki na sehemu kubwa ya ujenzi wa asili kwa kawaida zimo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, chini ya Sheria ya 1990 ya majengo hayo. Madaraja, kuanzia la juu, ni I, II yenye nyota, na II. Nyingi mno ni II. Tunaambiwa kila wiki, “Daraja la II hulinda uso wa mbele tu.” Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Ngazi, boriti, meko, vyote vimo. Hata banda la uani la kabla ya tarehe 1 Julai 1948 laweza kuwamo.

Maombi hupelekwa halmashauri ya eneo kabla ya kazi, pamoja na michoro na maelezo ya athari. Hayana ada. Majibu kwa kawaida ni wiki 8. Kufanya kazi bila kibali kinachohitajika ni jinai: kifungo hadi miaka 2, faini isiyo na kikomo, au vyote. Amri ya kurudisha jengo haina ukomo wa muda, nayo humfuata mnunuzi mpya. “Sikufanya mimi” haiiondoi.

Kuziba upya kwa chokaa huenda kusihitaji kibali. Hata hivyo uliza kwanza, kwa maandishi.

Na kabla ya kumwita fundi yeyote, toka nje mvua ikinyesha. Tazama mfereji wa paa, kisha tazama kama udongo wa bustani umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Mara nyingi maji yanaingilia hapo.